Pilipili za nyuma ya nyumba Malindi: mnunuzi yupi analipa kweli?

Kilo moja ya pilipili mbuzi ni pilipili mia moja hivi. Zikiwa kubwa tisini, zikiwa ndogo mia na ishirini. Mkulima anaona kilo. Mama wa sokoni anaona mafungu ishirini ya pilipili tano tano. Mpishi wa hoteli anaona haja ya wiki nzima, na mkaanga viazi anaona jioni mbili au tatu. Mzigo ni huo huo, na ndiyo maana swali la "pilipili Malindi ni bei gani?" halina jibu moja.

Hapa tunawapima wanunuzi wanne ambao mtu mwenye mashina hamsini hadi mia tatu, awe Kakuyuni, Mambrui au Gede, anaweza kuwafikia kwa bodaboda au matatu: soko la mjini, hoteli na mikahawa, wakaangaji wa jioni, na dalali wa Mombasa. Tumewapima kwa wanacholipa, siku wanayolipa, na wanachorudisha.

Jina kwanza, maana limeshaharibu oda nyingi. Ukiambiwa kwa simu "niletee hoho kilo tano", uliza tena. Bara hoho ni ile kubwa isiyowasha, ambayo watu wengi wa pwani huiita pilipili boga, na bado wako wazee ambao hoho kwao ni pilipili ya kuwasha. Taja ndefu, mbuzi au kichaa, na rangi yake, basi.

Hesabu kabla ya bei

Wauzaji wengi wadogo hupanga bei kwa kumwangalia jirani. Jirani naye anakuangalia wewe. Afadhali kuanza na gharama. Tuchukue mfano wa mashina mia ya pilipili mbuzi kwa msimu mmoja, na kila mtu abadilishe tarakimu kwa zake: mbegu na miche 1,200, samadi 1,500, maji 3,000, dawa na sabuni 800, vibarua vya kupalilia na kuchuma 4,500, bodaboda na ushuru wa soko 2,400, karatasi za kufungia 600. Jumla shilingi 14,000. Kila shina likitoa kilo moja na nusu, umechuma kilo 150, na ukigawa unapata shilingi 93 kwa kilo.

Hiyo 93 ndiyo inayowafilisi watu. Katika kilo 150, thelathini hazitauzwa: zimepata madoa ya chule (ugonjwa wa ukungu) baada ya mvua, zimetobolewa na nzi wa matunda, zimechomwa na jua upande mmoja zikawa nyeupe, zimenyauka zikisubiri mteja, au zimeliwa nyumbani na kwa majirani. Gawa 14,000 kwa kilo 120 zilizolipiwa: ni shilingi 117. Anayeuza kwa 100 akidhani amepata faida ya saba, kwa kweli ametoa sadaka ya kumi na saba kila kilo. Na bado hatujalipa jasho la mwenye shamba.

Pilipili kichaa ina hesabu yake mbali. Ni ndogo mno, kilo moja inapita mia kadhaa kwa wingi, na mchumaji hodari atainama nusu siku arudi na kilo chache tu. Gharama yake kubwa ni mkono. Ukiiuza bei moja na mbuzi, umefanya kazi bure, hata kama shina lenyewe halikukusumbua.

Soko la mjini

Sokoni bei haibadiliki, hubadilika fungu. Fungu la shilingi kumi litabaki la kumi masika na kiangazi. Ila zikijaa linakuwa la pilipili saba, zikiadimika linakuwa la tatu, na ile kubwa inayong'aa inawekwa juu kama taji. Kwa hiyo usiulize bei. Pita kwenye meza tatu, hesabu fungu kwa macho. Gawa mia kwa idadi ya pilipili, zidisha kwa kumi: fungu la tano ni shilingi 200 kwa kilo, la saba ni kama 143, la tatu ni 333. Hiyo ndiyo bei ya rejareja ya siku ile, bila mtu kukudanganya.

Mkulima achukue ngapi hapo? Sisi twaona asilimia sitini ni haki: 120 fungu likiwa la tano, 86 likiwa la saba, 200 likiwa la tatu. Iliyobaki ni ya mama anayekaa na meza kutwa, analipa ushuru, na kila jioni anatupa zilizolainika. Likifika la saba, basi, hesabu yetu ya 117 imeshakataa. Siku hizo mzigo usipelekwe sokoni, tutaona pa kuupeleka.

Mazungumzo yenyewe huwa mafupi:

"Mama, kilo ni mia na thelathini."
"Mwanangu, na vikonyo vimeng'oka hivi? Nipe ya mia."

Na mama ana haki. Pilipili isiyo na kikonyo imefunguliwa mlango. Uozo unaingia juu na siku ya pili imelainika. Chuma kwa kukata au kwa kuinua kikonyo kuelekea juu, si kwa kuvuta matunda. Chuma asubuhi umande ukishakauka, au jioni jua likishalegea. Usizinyunyizie maji ili zipate uzito: wanawake wa sokoni hushika pilipili moja, wanaifuta na kanga, wakiona unyevu wanashusha bei ya mzigo mzima, na wiki ijayo wanakukumbuka. Zikisafiri ziwe kwenye pakacha au kitunga cha makuti. Hupumua, na pakacha linafumwa bure palipo na mnazi. Gunia lililofungwa mdomo juu ya matatu, juani, linazipika. Mifuko ya plastiki ya kubebea, kwa aliyesahau, ni marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017. Kaki au gazeti linatosha.

Fika kabla ya saa moja asubuhi. Baada ya saa tatu meza zimejaa na bei unayopewa ni ya kukuonea huruma. Atakayekuomba mali kauli, achukue leo alipe akishauza, mwongezee kumi kwa kilo na mkubaliane mapema nani anabeba zilizooza. Bila makubaliano hayo zitarudi kwako zote, pamoja na za mwenzako.

Ukiuza kwa kilo, Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Kwa mzigo mdogo, mizani ya mezani ya kilo tano ni bora kuliko ya kuning'iniza ya kilo hamsini, ambayo kwenye nusu kilo hubahatisha.

Soko linapata alama tatu kati ya tano: pesa papo hapo, lakini linataka daraja la kwanza pekee.

Hoteli na mikahawa

Hapa ndipo ndoto zinapoanzia. Bei inayotajwa jikoni inaweza kuwa mara moja na nusu ya soko, hata maradufu. Tatizo ni kwamba wengi hupeleka pilipili mbuzi, wakati mpishi wa Kiitaliano, nao Malindi si haba, anatafuta peperoncino: ndefu, nyekundu kabisa, inayowasha kwa kiasi na isiyo na manukato. Pilipili mbuzi ina harufu kali inayokaribia tunda, na kwenye tambi za vitunguu saumu na mafuta ya zeituni inatawala sahani nzima. Kwa vipimo vya Scoville ndefu ya aina ya cayenne huwa kati ya 30,000 na 50,000, mbuzi kati ya 100,000 na 350,000. Mpishi hakukataa pilipili zako kwa madharau. Umempelekea kitu kingine.

Anachotaka ni urefu unaolingana, rangi moja, vikonyo vibichi, kilo moja hadi tatu kwa wiki, siku ile ile kila wiki. Ukikosa mara mbili ameshapata mtu wa Watamu.

Sasa malipo. Hoteli kubwa hulipa baada ya siku thelathini, wakati mwingine sitini. Chukua oda ya kilo mbili kwa shilingi 200: ni 400. Ukifuatilia hundi mara tatu kwa bodaboda ya shilingi mia, umebakiwa na mia moja, yaani hamsini kwa kilo. Mama wa sokoni aliyekupa 120 saa kumi na mbili asubuhi amekulipa zaidi ya mara mbili. Tena mhasibu hatapokea risiti ya daftari: tangu Januari 2024 gharama zisizo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi KRA, hazikubaliwi kupunguza kodi ya mapato ya biashara, kwa hiyo uliza siku ya kwanza ankara itatoka kwa nani. Kwa muuzaji mdogo kuna utaratibu wa mnunuzi kuitoa mwenyewe. Na kuanzia Aprili mpaka Juni, mvua za masika zikishika na wageni wakipungua, hoteli kadhaa hufunga au hupunguza jikoni, wakati mashina yako hayajui kama kuna likizo.

Inayofaa ni mikahawa midogo ambayo mwenyewe hukaa kwenye kaunta. Analipa kwa M-Pesa kabla hujawasha pikipiki. Usiende na pilipili peke yake: kilo moja na nusu haibebi nauli. Ongeza ndimu, rukola, rehani ya Kiitaliano ya majani mapana, na safari inajilipia. Mikahawa hiyo alama nne. Hoteli kubwa alama mbili, na hizo mbili ni kwa mwenye mtaji wa kungoja.

Wakaangaji wa jioni

Hawa ndio tunaowapenda, na ndio wanaosahauliwa. Kuanzia alasiri Malindi yote inanuka mafuta: viazi karai, bhajia, kachiri, muhogo wa kuchoma uliopasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu, maembe mabichi ya watoto wa shule. Hakuna hata kimoja kinachouzwa bila pilipili. Mkaanga anayemaliza ndoo mbili za viazi anasaga robo hadi nusu kilo ya mbuzi kila jioni, na ukwaju, chumvi, wengine karoti kidogo ya kuipa mwili. Watano kama yeye ni kilo mbili kwa siku, siku sita kwa wiki.

Uzuri wake ni huu: hataki taji. Pilipili yake inaenda kwenye blenda. Iliyoiva ikapitiliza, iliyopinda, yenye doa la jua, ndogo kuliko zote, kwake ni sawa. Kwa hiyo bei yake ni ndogo kuliko ya soko, tuseme 90 hadi 100 wakati soko lina 120, lakini analipia kilo zile thelathini ambazo kwenye hesabu yetu hazikuwa na mnunuzi. Ukiziuza ishirini kati ya hizo kwa 90, umeingiza 1,800 ambazo hazikuwepo, na gharama ya kilo inashuka kutoka 117 mpaka 100, kwa kuwa 14,000 sasa inagawanywa kwa 140.

Mpaka uwekwe wazi: doa la jua sawa, chule hapana. Chule ni lile bonde jeusi la mviringo lenye duara ndani ya duara. Iliyooza na yenye funza ni ya shimo la mboji. Na kama umepiga dawa ya dukani, zile siku za kungoja zilizoandikwa kwenye kibandiko zihesabiwe hata kama mteja anapiga simu.

Wengi wao hawanunui kwa kilo, wananunua kwa kopo. Chukua kopo la kasuku (la mafuta ya kupikia) la kilo moja, lijaze bila kushindilia, pima uzito mara tatu kwa mizigo tofauti, chukua wastani, uandike chini ya kopo kwa kalamu ya wino. Tangu hapo unajua kila kopo ni shilingi ngapi. Asiyepima huuza kwa kopo la "kawaida" na hajui kwamba pilipili ndogo zinashikamana, zinaingia nyingi zaidi, na anatoa nyongeza mara mbili: moja kwa kopo, nyingine kwa mkono.

Wakaangaji hulalamika jambo moja: ukali usiotabirika. Leo wateja wanalia machozi, kesho wanauliza kama umetia pilipili. Sababu iko shambani. Shina lililokosa maji hutoa pilipili kali zaidi. Lililonyeshewa wiki nzima hupoa. Iliyoiva nayo haifanani na mbichi. Dawa ni kuchanganya machumo mawili kabla ya kupima, kupeleka rangi moja, na kutomchanganyia kichaa na mbuzi bila kumwambia. Wengine hutoa mbegu wakidhani ndizo zenye moto. Ukali umo kwenye utando mweupe unaoshika mbegu, na mbegu zinawasha kwa sababu zimeugusa. Anayetaka kupunguza akwangue utando.

Peleka saa nane, tisa hivi, kabla karai halijapata moto. Ukifika saa kumi na moja hana mkono wa kukulipa. Anayechambua avae glavu, au ajipake mafuta ya kupikia kisha anawe kwa sabuni, kwa sababu ule ukali hauyeyuki kwa maji matupu. Alama nne na nusu. Ile nusu tumeikata kwa sababu mvua ikinyesha jioni hakuna anayekaanga, na hakuna atakayekupigia simu kukuambia.

Dalali

Dalali anayepeleka Kongowea, soko la jumla la Mombasa, anataka magunia, na mwenye mashina mia hana gunia. Bei anakutajia mzigo ukiwa umeshavuka Kilifi, na wewe huna la kusema. Mkiwa majirani watano mkachuma siku moja, mkapima pamoja na kuandika uzito mbele yake, anasaidia wiki ambazo fungu limekuwa la saba. Vinginevyo alama moja.

Zilizobaki: kukausha na chupa

Mzigo uliokataa soko unaweza kukauka, ila hesabu ijulikane. Kichaa na ndefu, ambazo nyama yake ni nyembamba, kilo nne au tano mbichi hutoa kilo moja kavu. Mbuzi ina maji mengi. Utahitaji nane hadi kumi. Ukithamini mbichi kwa 120, kilo kavu ya ndefu imeshakula 480 hadi 600 kabla ya kinu na kazi, ya mbuzi 960 hadi 1,200. Kwa hiyo kausha ndefu, na mbuzi muuzie mkaanga.

Tandaza juu ya kichanja kilichoinuliwa, funika kwa wavu, usitandaze mchangani. Jua likizama ingiza ndani, maana upepo wa bahari usiku huzirudishia unyevu wote uliotoka mchana, na pilipili iliyolala nusu kavu huota ukungu ambao hauondoki kwa kusagwa. Imekauka pale kikonyo kinapovunjika kwa mlio na mbegu zikigonga ndani ukitikisa. Unga wake wauzie wenye muhogo wa kuchoma. Kwao ukavu ni muhimu kuliko rangi.

Chupa za pilipili ya kusaga zinavutia, na ndiyo biashara inayodanganya haraka. Mara nyingi chupa, kifuniko na kibandiko vinazidi thamani ya kilichomo. Siki iwe ya kutosha kushusha pH (kipimo cha uchachu) chini ya 4.6, na salama zaidi chini ya 4, la sivyo chupa iliyofungwa inaweza kuotesha sumu isiyo na harufu. Duka halitaiweka rafuni bila alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Tusingeshauri kabla ya mwaka wa pili.

Anayefikiria Lamu afikirie zilizokauka tu. Mbichi zitashinda ndani ya basi mpaka Mokowe, zishushwe gatini, zivuke kwa boti, zibebwe na hamali, na kila mkono unalipwa. Zikifika zimeshapungua uzito na kung'aa.

Kalenda

Bei nzuri kuliko zote ya mwaka ni ya Ramadhani. Kila nyumba inakaanga bhajia, sambusa na katlesi za kufuturu, na fungu hushuka mpaka la tatu kwa wiki nne. Tangu kusia mbegu kitaluni mpaka kuhamisha miche ni wiki sita hadi nane. Tangu kuhamisha mpaka chumo la kwanza la mbuzi ni miezi mitatu hivi, na baada ya hapo unachuma kila siku tano hadi saba. Sia, basi, miezi mitano na nusu kabla. Mwezi huo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo tarehe ya mwaka jana haifai, na ikiangukia kiangazi cha kaskazi ongeza matandazo na maji, kwa sababu joto likipita nyuzi 32 maua hudondoka. Aliyechelewa sana atachuma Iddi imeshapita, fungu limerudi kuwa la tano.